Kikapu Kisicho na Kitako

Kikapu cha kwanza walichochezea pale chuoni kilikuwa changu. Nilikuwa nabebea viazi. Siku hiyo nimetoka shambani, nakitafuta pembeni mwa ghala, sikipati. Nikamuuliza mume wangu, ambaye alikuwa amekaa kivulini ananoa patasi kama mtu asiye na kosa.

"Kikapu changu kiko wapi?"

"Kiko chuoni."

"Kimekwenda kusoma?"

"Padri alikuwa na haraka. Nimekipigilia juu ya nguzo. Halafu, mama watoto, usikasirike. Kitako nimekikata."

Nilikasirika. Kikapu kile nilikisuka mwenyewe, na kilikuwa bado kigumu. Nikafunga kanga yangu vizuri nikaenda kukiona kilipo. Nikakuta vijana wazima, wenye ndevu, watu wanaosomea ualimu, wamevua mashati wanagombania mpira mmoja. Aliyeupata baada ya taabu yote hiyo akautupa juu, ukaingia ndani ya kikapu changu, ukapita, ukaanguka chini, nao wakaanza kuugombania upya. Nilitazama mpaka nikachoka. Na katikati yao, anayepiga kelele kuliko wote, alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja.

Niwaeleze tulikuwa nani, maana wajukuu wanaosoma haya wamezaliwa kwenye umeme. Haya ni mambo ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mimi ni Msukuma wa Kishapu, kwenye mbuga za pamba na ng'ombe, na vumbi linaloingia hadi kwenye chungu. Mume wangu alikuwa Msumbwa, seremala wa misheni upande wa Ushirombo. Alikuja kwetu kutengeneza mabenchi ya kanisa, akaondoka mabenchi yamekwisha na mimi nimeposwa. Shule yangu mimi ni madarasa mawili na katekisimu. Kusoma nasoma, kuandika kwangu ndiko huku mnakokuona. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa na kichwa. Alipita madarasa yote ya kwetu, akachukuliwa na mapadri kwenye chuo chao cha ualimu, si mbali na nyumbani kwangu. Masomo yalikuwa miaka miwili. Jumapili alikuwa akija kula kwangu, na alikula kama mtu anayehama.

Padri aliyewafundisha ule mpira alitoka ng'ambo, sijui nchi gani, nchi ya baridi. Alikuwa mrefu, kipara, ana Kisukuma kizuri kuliko cha mume wangu. Alisema mwalimu asiyejua kucheza atafundisha watoto kulala. Wanafunzi wakabeba udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji na mavi ya ng'ombe, wakautwanga kwa miguu wakiimba, kama tunavyotengeneza uwanja wa kupuria mtama, mpaka mpira ukawa unadunda. Mume wangu akatengeneza ubao wa mninga na pete za chuma cha pipa. Kikapu changu hakikurudi, lakini ilibidi niache kukitaja, kwa sababu nyumba nzima sasa ilikuwa ya mpira wa kikapu. Mpaka fulana zao nilizishona mimi, kwa marekani nyeupe. Namba nilizikata kwa kitambaa cheusi. Mbili nilizigeuza, zikatazama nyuma, na hakuna aliyethubutu kuniambia mpaka tulipopigwa picha.

Sasa msikilize shida yenyewe.

Baba yetu alikuwa manju. Manju ni yule anayeongoza ngoma, anayetunga nyimbo, na watu wanamfuata. Kwetu Usukumani ngoma si kitu cha kupitishia wakati. Wako Wagalu na wako Wagika, vyama viwili tangu mababu, na baba alikuwa Mgalu hadi kwenye mifupa. Baada ya mavuno vyama hivi hukutana uwanja mmoja. Huku wanacheza hawa, kule wanacheza wale, kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi wala filimbi. Watu ndio wanaoamua, kwa miguu yao. Wakivutwa na huku wanakuja huku, wakivutwa na kule wanahamia kule, na jua linapoinama upande uliobaki na watu ndio umeshinda. Aliyeshindwa hucheza peke yake na wake zake wakimhurumia. Baba alishinda mara nyingi. Alishindwa pia, na hizo za kushindwa ndizo alizokuwa akizisimulia.

Baba alikuwa na ng'ombe, lakini hakuwa na wachungaji. Kaka zangu wawili walikwenda Geita kwenye dhahabu. Mmoja alituma salamu, wa pili hata salamu hakutuma. Aliyebaki ni huyu wa chuoni. Baba alimwachia kwa shingo upande, kwa sababu mama alilia. Basi mwaka ule mtu mmoja wa Kishapu akapita misheni na lori la pamba, akarudi nyumbani, akamwambia baba mbele ya watu, "Yule kijana wako uliyewapa wazungu, nimemkuta mchana kweupe amevaa kaptura, anarukia nguzo."

Baba akatuma maneno kwangu kwa dereva huyohuyo. Dereva alisimama mlangoni kwangu akayatoa kama alivyopewa, bila kupunguza. "Mzee anasema hivi. Mavuno yakiisha atakuja mwenyewe kuona hiyo nguzo. Akikuta ni upuuzi, anarudi na mtoto wake, ng'ombe wana njaa."

Nilimwita mdogo wangu siku hiyohiyo. Sikumzungusha.

"Uache mpira."

"Dada, mimi ndiye kepteni."

"Kepteni wa nini? Baba akija akukute unasoma kitabu. Shika hata kile cha hesabu."

Akacheka. Alikuwa na cheko la baba, la kutikisa mabega. "Dada, baba hajui kitabu. Akinikuta na kitabu ataniona nimekaa tu. Lakini baba anajua kushindana. Atakapokuja, nitashinda mbele ya macho yake. Mtu wa ngoma akimwona mwanawe anashinda mbele ya watu, atamwondoaje?"

Mume wangu akadakia, "Shemeji, na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitachunga, shemeji. Utanitengenezea fimbo."

Yalikuwa na akili maneno yake. Tangu siku hiyo nilianza kuutazama mpira ule kwa jicho jingine, maana mwalimu wa kwanza wa ukoo wetu alikuwa ananing'inia kwenye pete ya pipa.

Mchezo wa kwanza walicheza nyumbani na makarani waliotoka Kahama. Mimi nilikuwepo, na nilichokiona sijakisahau. Mdogo wangu aliupata mpira, akaudundisha, akawapita wawili, akafunga. Vizuri. Halafu akasimama palepale chini ya kikapu, akainua mkono, akaanza kujigamba.

Mnajua Msukuma akifanya jambo kubwa lazima alitaje. Hata akiua nyoka. Akasema yeye ni dume la Kishapu, mjukuu wa fulani aliyekata mto usiokatika, akataja ng'ombe wa babu kwa rangi zao. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nilipiga, nisiseme uongo. Wenzake nao wakasimama kumsikiliza, kwa sababu ni utovu wa adabu mtu akijigamba wewe unakimbia. Wale makarani wa Kahama hawakuwa na adabu hiyo. Walichukua mpira, wakaenda nao upande wa pili taratibu, wakafunga. Mdogo wangu alikuwa bado kwenye ng'ombe wa babu.

Mnadhani walijifunza? Akafunga Mzinza mmoja, kijana wa mkono wa kushoto. Wazinza si watu wa majigambo kama sisi, lakini alikuwa ameishi nasi chuoni, ameambukizwa. Naye akasimama akamsifu mama yake. Makarani wakafunga. Akafunga mrefu mmoja kutoka Buha, akajigamba kwa Kiha, hakuna aliyeelewa, na wote wakasimama kwa heshima. Makarani wakafunga. Padri alikuwa anapuliza filimbi mpaka kipara kimekuwa chekundu, na watu wakadhani naye anashangilia.

Wakashindwa vibaya. Padri aliwakusanya, na kwa kuwa nilikuwa nawapa maji nilisikia yote.

"Ukifunga, unafanya nini?"

Wakapokezana kata ya maji.

"Unarudi nyuma kulinda. Kimya. Kuanzia leo sitaki wimbo, sitaki babu, sitaki ng'ombe. Atakayefungua mdomo uwanjani atakaa benchi na mimi."

"Hata jina la mama, Padri?" aliuliza yule Mzinza.

"Mama utamwandikia barua."

Basi wakafundishwa kunyamaza. Msione ni jambo dogo. Mdogo wangu alikuwa anakuja Jumapili ananieleza inavyouma, kwamba ukifunga maneno yanapanda yenyewe kifuani, na lazima uyameze kama uji wa moto. Walifanya mazoezi jioni baada ya kulima bustani ya chuo, wanakimbia huku na huku, unasikia miguu na mpira tu. Jirani yangu mmoja aliniuliza kama wanafunzi wameadhibiwa.

Lakini walianza kushinda. Waliwashinda wauguzi wa hospitali ya misheni nyingine. Walikwenda kwa lori hadi upande wa Tabora kucheza na chuo cha huko. Niliwachemshia matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, nikawafungia na karanga, nikawaambia atakayerudi na mfuko wangu umechanika asirudi. Walirudi wameshinda, na mfuko mzima. Walishuka kwenye lori weupe kwa vumbi kama watu wa unga, wananyamaza kwa mazoea, mpaka walipovuka uzio wangu. Hapo ndipo walipoachia. Wote walijigamba kwa zamu kwenye uwanja wangu, kuku wakakimbia. Nilijifanya nimekasirika. Nilisimama na mwiko mkononi nikamsikiliza kila mmoja hadi mwisho, na yule wa Buha nilimsikiliza mara mbili kwa sababu alikuwa mbali na dada zake.

Mchezo wa mwisho wa msimu ulipangwa baada ya mavuno, nyumbani, na timu ya makarani na mafundi wa mgodi wa dhahabu Geita. Na baba akaleta habari kwamba anakuja.

Alikuja kwa malori, akalala Nyahanga, pale Kahama, kwa binamu yake, akafika kwangu jioni amevaa koti lake la ngoma. Nikapiga magoti kumwamkia.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu." Baba zetu hutuita mayu, yaani mama, hata wakiwa na hasira na sisi. "Hiyo nguzo iko wapi?"

"Ni kesho, baba. Pumzika."

"Sikuja kupumzika. Kule kwangu ng'ombe wanachungwa na mama yako."

Kesho yake watu walijaa ambavyo sijapata kuona pale misheni. Wakulima, wafugaji, wenye maduka na wake zao. Habari kwamba lori la mgodi linakuja ilitosha kuwatoa. Nilimwekea baba kigoda katikati kabisa ya uwanja, pembeni mwa mstari, mimi nikakaa chini karibu naye. Mume wangu alisimama nyuma, mbali kidogo na mkwewe, kama inavyotakiwa.

Timu ya mgodi ikashuka. Walivaa fulana za kununua, za bluu. Na kati yao alikuwamo karani mmoja mfupi, mnene, wa pwani kwa kuongea kwake, ambaye hakuonekana kabisa kuwa mtu wa kuruka. Alishuka wa mwisho. Akaitazama nguzo yetu toka chini mpaka juu, akaivulia kofia, akaipigia saluti.

Watu wakacheka. Baba akageuza shingo.

Filimbi ikalia. Vijana wetu wakaanza kazi yao. Nilikuwa nimeshawazoea, nikajua wanacheza vizuri kuliko siku zote. Walipeana mpira kama wanawake wanavyopokezana mchi. Mdogo wangu alifunga, akageuka, akarudi kulinda. Mzinza akafunga, akageuka, akarudi. Midomo imefungwa, macho mbele.

"Mayu," baba akasema, "wale weupe ndio wetu?"

"Ndio, baba."

"Wamefiwa?"

"Hapana, baba. Padri hataki wapige kelele."

Baba alimtazama Padri kwa muda mrefu, kama anavyomtazama fahali mgonjwa.

Upande wa pili yule mfupi alikuwa anafungwa na bado anafurahi. Akipata mpira anaupangusa kwa leso kwanza. Akinyang'anywa anamshukuru aliyemnyang'anya. "Ahsante bwana mkubwa, ulikuwa unanichosha mkono." Alimwambia yule mrefu wa Buha, "Kaka, huko juu kunanyesha?" Alimwendea mwanamke mmoja mstarini na mpira mkononi, akamwinamia, akasema, "Mama, nishikie huyu mtoto, baba yake anakuja," na kweli mdogo wangu alikuwa anakuja, akauchukua, akaenda kufunga. Watu walikuwa wanashika mbavu.

Na wakaanza kuhama.

Mwanzoni sikulitilia maanani. Niliona vikongwe wawili wameinua vigoda vyao wakaenda kule kwenye nguzo ya upande wa mgodi. Halafu wanawake wa sokoni. Halafu wanaume. Hawakuamka na kukaa bila mpango. Walihama kama watu wetu wanavyohama kwenye ngoma, kundi kwa kundi, na wanaobaki wanaangaliana kwa aibu kisha nao wanakwenda. Kufika katikati ya mchezo, nyuma ya kikapu cha wenzetu kulikuwa kumesongamana mpaka watoto wamepanda mabegani, na upande wetu ukabaki na masista wawili, mpishi wa chuo, na mume wangu.

Vijana wetu walikuwa wanashinda. Hesabu ilikuwa wazi hata kwangu. Padri anapiga makofi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na baba, na baba hakuwa anatazama mpira. Alikuwa anatazama watu.

"Yule mfupi ni manju wao," akasema.

"Ni karani wa mgodi, baba."

"Karani anaandika. Yule ni manju. Tazama anavyowaita kwa jicho." Akasogeza kigoda mbele. "Ana dawa nzuri."

Filimbi ya mwisho ikalia. Tumeshinda. Vijana walikumbatiana, sasa wameruhusiwa kupiga kelele, lakini watu walikuwa wamemzunguka yule mfupi, wanamshika mkono, wengine wamembeba. Mdogo wangu akaja mbio, jasho linamtiririka, fulana yangu imemganda mwilini. Akainama mbele ya baba.

"Baba, tumeshinda."

Baba akanyanyuka, akachukua kigoda chake mwenyewe. "Nani kakwambia?" Akatangulia kwenda nyumbani.

Nilichinja jogoo. Nilipika kama mtu anayepika kwenye msiba, mkono unafanya kazi na roho haipo. Nilijua yaliyokuwa yanakuja. Ng'ombe, fimbo, na chuo ndio kwaheri. Wanaume wakakaa, nikawanawisha mikono. Mdogo wangu hakugusa chakula, na kwa mtu yule, hapo ndipo ujue.

Baba alikula kwanza. Alikuwa hazungumzi jambo zito na njaa. Alipomaliza paja akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, umeshindwa."

"Baba, zinahesabiwa zinazoingia kwenye kikapu. Sisi tumeingiza nyingi."

"Hizo ni hesabu zenu nyinyi na mzungu wenu. Watu walikuwa wapi?"

Mdogo wangu akaitazama sahani yake.

"Nimekuuliza. Mwanzo walikuwa kote. Mwisho walikuwa wapi?"

"Walikuwa kwa wenzetu, baba."

"Upande wako alibaki nani?"

"Shemeji."

"Shemeji yako na wake wa Mungu wawili. Umeshindwa kweupe, na aliyekushinda ni mfupi, mnene, na hana pumzi. Mimi katika maisha yangu sijashindwa na mtu mnene."

Nilisikia mume wangu anakohoa, kikohozi cha kuficha kitu. Nikamtazama akaacha. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimesimama na sahani, nikaona heri neno nilitoe mwenyewe, lisiendelee kutuning'inia.

"Baba, kwa hiyo kesho unaondoka naye?"

Baba aligeuka akanitazama kama nimetamka tusi.

"Niondoke naye niende naye wapi?"

"Nyumbani. Ulisema ukikuta ni upuuzi."

"Nani kasema ni upuuzi? Watu waliojaa pale ulikuwa huwaoni? Pale ni uwanja kabisa. Tatizo ni kwamba huyu ameshindwa." Akaweka mfupa chini. "Mayu, wewe ni mtoto wa manju. Umewahi kuona manju ameshindwa na Wagika akaenda zake kuchunga? Akienda kuchunga siku hiyo, jina lake limekufa hapo, na la baba yake. Aliyeshindwa anarudi kujipanga. Anatunga upya. Msimu mwingine anasimama uwanja uleule, na watu walewale. Mimi nimeshindwa na Wagika nikarudi. Huyu nimpeleke Kishapu nikawaambie nini? Kwamba amelala na deni la mtu mnene?"

Mdogo wangu akainua kichwa. "Na ningeshinda, baba?"

"Ungeshinda ningekuchukua kesho asubuhi. Mtu akishinda anaondoka na heshima yake. Abaki kufanya nini tena?"

Hapo mume wangu alitoka nje. Tulimsikia anacheka nyuma ya ghala, anajaribu kujizuia na anashindwa. Mdogo wangu alikuwa amekaa mdomo wazi. Msimu mzima amemeza majigambo, amekimbia, amepigana apate kushinda mbele ya baba, na kushinda kwenyewe ndiko kungemrudisha machungani. Kisha akavuta sahani. Alikula jogoo aliyebaki, akala na fungu langu.

Asubuhi baba alitaka kuonana na Padri. Nilikwenda naye. Baba alimsalimia vizuri, akamwambia, "Padri, umewafunga vijana hawa midomo. Mtu akifunga mdomo, watu watajuaje kwamba yupo?"

Padri akamweleza habari ya Kahama, majigambo yote, na makarani walivyofunga watu wakiwa kwenye ng'ombe wa babu. Baba alisikiliza kwa makini. Padri alipofika kwenye yule wa Buha, baba akatikisa mabega.

"Kweli hapo walikosea," akasema. "Hata kwenye ngoma hujigambi mwenzako akiwa katikati ya wimbo. Lakini kabla ya kuanza? Wakati wa kuingia?"

Padri akafikiri. "Wakati wa kuingia, labda."

"Na dawa. Ninayo kidogo kwenye koti."

"Dawa hapana, mzee."

"Kidogo tu. Inavuta watu."

"Mzee, wimbo nitakubali. Dawa hapana."

Baba akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu huyu ni mgumu, lakini ni mtu. Akapanda lori, akaondoka peke yake.

Mimi nilikwenda Kishapu miezi kadhaa baadaye, mvua zikiwa hazijaanza, nimembeba mtoto mgongoni. Mama aliniambia baba hayupo, yuko na ng'ombe. Nilidhani amepata mchungaji na anakwenda kumwangalia. Hakuna, mama akasema, anachunga mwenyewe tangu aliporudi, anatoka na alfajiri, na ukimwambia amwite kijana arudi anakuwa mkali. Baba yangu, mtu aliyekuwa akipita sokoni watu wanampisha, katika umri ule.

Jioni nilimwona anakuja nyuma ya kundi, viatu vya matairi, vumbi hadi kwenye kope, anachechemea mguu mmoja. Nikamwendea nikapiga magoti njiani. Akanijibu, akamtazama mtoto, akauliza habari za mume wangu, na za nyumba, na za mashamba, kwa mpangilio wake. Kisha akauliza, "Wanafanya mazoezi?"

"Kila jioni, baba."

"Wimbo wa kuingilia wametunga?"

"Wametunga. Wameufundisha hadi wale wa hospitali."

"Nani anauanzisha?"

"Yeye mwenyewe."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, akampiga ng'ombe wa mwisho mgongoni kwa kiganja, akapita kwenda kufunga zizi.